Nimetatua maswali 300, mbona kwenye shindano bado nakwama?

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni, na nilianza mashindano ya programu miezi minane iliyopita. Nimeshatatua maswali zaidi ya 300, karibu yote kwa lugha ya programu ya Python. Nikisoma maelezo ya suluhisho naelewa vizuri kabisa, hata najiuliza kwa nini sikuliona mwenyewe. Lakini shindano likianza, maswali mawili ya kwanza nayamaliza upesi, la tatu nalitazama saa nzima bila kuandika chochote. Kiwango changu kwenye Codeforces, tovuti ya mashindano haya, kimeganda kwenye 1100 na ushei kwa miezi mitatu sasa. Mwenzangu wa timu anasema nimechelewa, kwamba wanaofika mbali walianza wakiwa watoto na wamezaliwa na kichwa cha hisabati, na kwamba siku hizi akili mnemba inatatua maswali haya yote, kwa hiyo najichosha bure. Mwezi ujao tuna mchujo wa ICPC, shindano la timu za vyuo, na mitihani imekaribia. Usiku nalala kwa muda wa saa nne au tano tu. Niendelee au niache?"*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ina mambo mengi, na nitayagusa yote, lakini kuna sentensi moja niliyoirudia mara tatu: ile uliyosema kwamba ukisoma maelezo ya suluhisho unaelewa vizuri kabisa. Wewe umeitaja kama jambo jema lililo kando ya tatizo. Mimi nadhani tatizo lenyewe limekaa humo.

Kuelewa suluhisho na kulipata ni kazi mbili tofauti. Unaposoma maelezo, mwandishi ameshachagua njia. Kati ya mambo ishirini ambayo mtu angeweza kuyajaribu, amekuonyesha lile moja lililozaa matunda, na kazi yako ni kukagua kama kila hatua inafuata ile iliyotangulia. Kukagua ni rahisi. Kwenye shindano hakuna aliyekuchagulia. Una mambo yale ishirini mbele yako, huna dalili ya lipi ni lipi, na kichwa chako hakijawahi kufanyishwa mazoezi ya kuchagua. Ni kama mtu aliyeongozwa na mwenyeji kila siku hadi nyumba fulani mjini: njia anaiona na kuikubali, lakini siku mwenyeji asipokuja, anapotea kwenye kona ya kwanza.

Sasa jiulize bila kujionea haya: katika hayo maswali 300, ni mangapi uliyoyapata mwenyewe baada ya kukwama zaidi ya nusu saa? Nimefundisha vijana wengi waliofika hapo ulipo, na wakihesabu kwa uaminifu, jibu huwa ni machache mno. Maswali yao yamegawanyika mafungu mawili. Kuna yale waliyojua la kufanya tangu walipomaliza kuyasoma, na kuna yale waliyoyaachia baada ya dakika kumi wakafungua maelezo. La kwanza linakuza kasi ya vidole. La pili linakuza hisia ya kujua. Fungu la katikati, la kukwama kisha kujikwamua, ndilo linalokuza kile unachokikosa swali la tatu linapofika, nalo ndilo halina kitu.

Hebu tufanye swali moja pamoja, taratibu, ili uone ninachomaanisha ninaposema kuchagua.

Umepewa orodha ya namba 200,000, nyingine chanya na nyingine hasi, pamoja na namba K. Ni vipande vingapi vya namba zinazofuatana ambavyo jumla yake ni K? Kikomo cha muda ni sekunde moja.

Wanaoanza husoma hadithi ya swali na kuruka mipaka, yaani ukubwa wa orodha na muda ulioruhusiwa. Mimi nataka usome mipaka kabla hujafikiria lolote, kwa sababu mtunzi wa swali amekuachia pale nusu ya jibu. Kipande huanza mahali fulani na kuishia mahali fulani. Ukihesabu jozi zote za mwanzo na mwisho katika orodha ya namba 200,000, unapata karibu bilioni 20. Kama kipimo cha kukadiria, kompyuta inayoendesha programu ya lugha ya C++ hufanya hatua nyepesi kama milioni 100 kwa sekunde, wakati mwingine zaidi. Bilioni 20 ni zaidi ya dakika tatu. Kwa hiyo, kabla hujaandika mstari mmoja, umeshajua kwamba njia ya kujaribu kila kipande imekufa, na kwamba unahitaji kitu kinachopita kwenye orodha mara moja au mara chache tu. Hilo halihitaji kipaji. Ni hesabu ya kuzidisha.

Wazo la pili linalowajia wengi ni kuweka vidole viwili kwenye orodha: cha kulia kinasogea kuongeza jumla, cha kushoto kinasogea kuipunguza. Ni wazo zuri na lina kazi nyingi, lakini hapa linavunjika, na sababu imeandikwa kwenye swali: kuna namba hasi. Ukiongeza namba hasi jumla inashuka, kwa hiyo hujui tena ni kidole gani usogeze. Neno moja, "hasi", limeua njia ya pili. Zingatia kwamba hadi sasa hatujapata suluhisho, lakini tumefunga milango miwili na tunajua kwa nini tumeifunga. Huko si kupoteza muda. Hivyo ndivyo kutafuta kulivyo.

Sasa jaribu kuliandika swali kwa namna nyingine. Jumla ya kipande inaweza kuandikwaje bila kukijumlisha upya kila mara? Weka jumla limbikizi: ukipita kwenye orodha, andika jumla ya kila kitu tangu mwanzo hadi hapo ulipo. Jumla ya kipande chochote basi ni limbikizo la mwisho wake ukitoa limbikizo la kabla ya mwanzo wake. Swali limegeuka. Halikuulizi tena habari za vipande, linauliza: nikiwa hapa na limbikizo langu ni P, ni mara ngapi huko nyuma niliwahi kuwa na limbikizo P toa K? Hilo unalijibu kwa kamusi, yaani jedwali ndani ya programu, inayohesabu kila limbikizo lilitokea mara ngapi.

Chukua 2, −1, 2, 3, −2, na K iwe 3. Malimbikizo ni 2, 1, 3, 6, 4, na mbele ya yote kuna 0 kabla hujaanza. Ukifika kwenye 3 unatafuta 0, ipo mara moja. Kwenye 6 unatafuta 3, ipo. Kwenye 4 unatafuta 1, ipo. Jibu ni vipande vitatu. Ukisahau kuiweka ile 0 kwenye kamusi tangu mwanzo utapata viwili, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika swali la aina hii. Na ukiandika kwa C++, kumbuka kwamba namba ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Hesabu ya vipande inaweza kufika bilioni 20, kwa hiyo hata kihesabio chenyewe kitafurika usipotumia namba ya biti 64.

Sasa ukirudi nyuma, jiulize: ni nini kilipaswa kuniambia? Urefu wa 200,000 ulikataza jozi. Namba hasi zilikataza vidole viwili. "Zinazofuatana" pamoja na "jumla" viliita jumla limbikizi. Dalili tatu, zote kwenye karatasi ya swali. Mtu aliyesoma maelezo ya suluhisho amejifunza suluhisho la swali moja. Mtu aliyejiuliza hivi amejifunza dalili zitakazomrudia katika maswali mengine mengi.

Kwa hiyo badilisha mazoezi yako namna hii. Codeforces huyapa maswali yake namba ya ugumu, kuanzia 800 hadi 3500. Wewe wa 1100, chagua ya 1300 na 1400. Kila moja lipe saa nzima, karatasi na kalamu mbele yako, kompyuta imefungwa hadi uwe na wazo unaloweza kulieleza kwa sauti. Ukikwama, chukua mfano mdogo kabisa, namba tatu au nne, ulitatue kwa mkono na uangalie mkono wako ulifanya nini. Saa ikiisha na hujapata, soma aya ya kwanza tu ya maelezo, funga, jaribu tena. Ukilazimika kusoma yote, basi usiandike programu siku hiyo. Lala, kesho yake iandike bila kuangalia. Wiki moja baadaye lifungue tena swali lile lile. Utashangaa ni mangapi uliyodhani unayajua yamekwisha kuvukizika. Na weka daftari, si la suluhisho, la dalili: mstari mmoja kwa kila swali, "nini kilipaswa kuniambia". Maswali matatu kwa wiki kwa mtindo huu yana faida kuliko thelathini ya mtindo wako wa sasa. Najua idadi inayopanda inafurahisha. Iache isipande kwa muda.

Kuhusu kiwango kuganda: namba ile haipimi unachokijua, inapima nafasi yako mbele ya wengine. Baada ya kila shindano mfumo hulinganisha nafasi uliyopata na nafasi iliyotarajiwa kwa mtu wa kiwango chako, kisha hukusogeza juu au chini. Walio karibu nawe nao wanafanya mazoezi, kwa hiyo kubaki pale pale kwa miezi mitatu kunaweza kumaanisha umekua sambamba nao. Tena, mtu anayemaliza maswali mawili na kukwama la tatu kila mara hutua karibu na nafasi ile ile. Namba haitatikisika hadi ulipate la tatu, hata kama umelikaribia mno. Tazama kitu kingine: baada ya shindano, unaweza kulimalizia lile la tatu mwenyewe kesho yake? Mwezi wa kwanza jibu litakuwa hapana, mwezi wa pili wakati mwingine. Huko ndiko kukua, na kiwango hufuata nyuma kwa mwendo wake.

Maneno ya mwenzako yana ukweli ndani yake, na nisingependa kukudanganya. Olimpiadi ya kimataifa ya programu za kompyuta, IOI, ilianza 1989 huko Pravetz, Bulgaria, na ni ya wanafunzi wa sekondari wasiozidi miaka 20. Mlango huo kwako umefungwa. Wengi wanaong'ara katika fainali za dunia za ICPC walipitia huko, na mtu aliyeanza akiwa na miaka 11 ana miaka mingi ya fungu lile la katikati ambayo wewe huna. Ukiniuliza kama utakuwa bingwa wa dunia, nitasema uwezekano ni mdogo sana. Lakini hukuniuliza hilo. Uliuliza kama inafaa kuendelea, na kutoka 1100 hadi 1600 sijaona umri ukiwa kizuizi.

Kichwa cha hisabati nacho kinatajwa kupita kiasi. Katika maswali ya ngazi yako hisabati inayohitajika ni ya kugawa na kupata baki, namba tasa, kuhesabu njia za kupanga vitu, na zaidi ya yote uwezo wa kujiuliza "je, hili ni kweli siku zote?" na kutafuta mfano wa kulivunja. Hakuna kalkulasi humo. Hilo la mwisho linafundishika: kila ukipata wazo, tumia dakika mbili kujaribu kuliua kabla ya kuliandika.

Python? Katika kupiga mzunguko mtupu huwa nyuma ya C++ mara kumi kadhaa, na kuna maswali ambayo wazo sahihi litakataliwa kwa muda kwa sababu hiyo tu. Ukitaka kuendelea mwaka ujao, jifunze C++. Lakini usiibadilishe lugha mwezi mmoja kabla ya mchujo, na usijiambie kwamba lugha ndiyo inayokuzuia. Mtu anayetazama swali saa nzima bila kuandika chochote hajafikia mahali ambapo lugha ina neno la kusema.

Kuhusu akili mnemba, mwenzako yuko sawa kwenye tukio lenyewe. Mwaka 2025 mifumo hiyo ilifikia kiwango cha medali ya dhahabu kwenye maswali ya IOI na ya fainali za ICPC. Ila fikiria: kila swali ulilowahi kulitatua, mtunzi wake alikuwa na jibu kabla wewe hujalisoma. Hakuna aliyekuwa akisubiri jibu lako kwa haja nalo. Kilichokuwa kinatengenezwa muda wote ni wewe, na hilo halijabadilika. Hatari iko kwingine. Ukiiuliza akili mnemba dalili ya kwanza ukikwama dakika kumi, umerudi kwenye ugonjwa ule ule wa kusoma maelezo, safari hii kwa kasi zaidi. Na ndani ya shindano ni kuvunja kanuni, na ukumbi wa ICPC hauna intaneti.

Nikufikishe kwenye mchujo wenyewe, maana hapa mna alama za karibu kuliko mnavyodhani. ICPC, ambayo mizizi yake ni shindano la 1970 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, ni ya timu za watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Anayetatua maswali mengi anaongoza. Wakilingana, hujumlishwa dakika za kila swali lililotatuliwa, na kila jaribio lililokataliwa kwenye swali ambalo hatimaye mlilipata huongeza dakika 20. Soma kanuni hiyo kama mlivyosoma mipaka ya swali: kitu adimu ni kompyuta. Watu watatu, kibodi moja. Timu changa nilizozikalia nyuma hupoteza saa nzima kwa sababu mmoja ameng'ang'ania kibodi akitafuta kosa huku wenzake wawili wana mawazo yaliyoiva. Wekeni sheria kuanzia leo: programu ikikataliwa na kosa halionekani ndani ya dakika tatu, ichapisheni kwenye karatasi, mwenyewe asogee pembeni akaisome kwa kalamu, kibodi ichukuliwe na mwingine. Na dakika za mwanzo gawaneni maswali: mmoja aanze mbele, mwingine nyuma, mwingine katikati, kwa sababu hayapangwi kwa ugumu, na jepesi kuliko yote linaweza kuwa la kumi.

Wewe unayemaliza mawili mepesi upesi una nafasi ya wazi katika timu hiyo. Maswali mepesi yakitoka dakika za mwanzo bila jaribio lililokataliwa, timu imeokoa muda ambao hakuna fundi wa maswali magumu angeurudisha.

Sasa usingizi, na hapa nazungumza kwa msisitizo. Saa nne au tano kwa usiku, wiki baada ya wiki, zinaharibu kitu kile kile unachokihangaikia: kushika mawazo kadhaa kwa wakati mmoja na kuyapima. Huwezi kutafuta njia ukiwa umechoka, unaweza tu kurudia ulichozoea, na hivyo ndivyo unavyofanya swali la tatu linapofika. Hadi mitihani iishe, ningekushauri hivi: shindano moja la mazoezi la saa tano na timu yako kila wiki, maswali mawili au matatu ya saa moja moja, basi. Saa zilizobaki zigawie masomo na kitanda. Shahada ikiyumba hakuna kiwango kitakachoifidia, na hata ICPC yenyewe hushindaniwa na wanafunzi walioandikishwa chuoni.

Kwa upande wa ajira, mazoezi haya husaidia kwenye usaili wa kampuni nyingi zinazouliza maswali ya algoriti, yaani njia za kutatua maswali kama haya kwa kompyuta. Hayakufundishi kuandika programu itakayosomwa na watu kumi na kudumu miaka mitano. Hilo utalijifunza kwenye miradi, na usiliache.

Kuna mambo mawili ambayo barua haiwezi kuyatibu. La kwanza ni la ufundi: mtafute mhadhiri wa algoriti au mwanafunzi aliyekutangulia, akae kando yako saa moja ukitatua swali usilolijua huku ukisema kwa sauti kila unachowaza. Mwambie asikusaidie, aandike tu. Mimi nabahatisha kutokana na maelezo yako. Yeye ataona kama unaruka mipaka, kama unaacha wazo zuri mapema, au kama unaogopa kuandika kabla hujawa na uhakika. La pili ni hili: ikiwa usingizi haurudi hata ukipunguza mazoezi, au kila shindano baya linakuacha siku kadhaa ukijiona huna thamani, au umeanza kukwepa darasa na watu, usisubiri mchujo upite. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au daktari wiki hii, na umweleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na ile habari ya kulala kwa saa nne tu.

Mchujo ukiisha, niandikie tena. Usinitajie nafasi mliyopata. Niandikie swali moja mlilokwama, na dalili ambazo mliziona mkakwama hata hivyo.